Busu la Mei Mosi

Ludvík Havránek alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na haukuwa ule wa mgongo aliopenda kuwasimulia watu. Ugonjwa wake ulikuwa kusaidia bila kuombwa. Miaka yote aliyoendesha lori la maziwa kati ya vijiji vyetu vya milimani na kiwanda cha mjini, alikuwa radhi kusimama njiani na kuunyoosha uzio wa mtu ambaye wala hakuwa na habari kwamba uzio wake umepinda. Alikuwa mtu mwema, hilo hakuna anayelibisha. Lakini watu wema wa namna yake wanachosha, na aliyechoshwa kuliko wote alikuwa mkewe, Blažena.

Blažena alikuwa mpishi wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na kama wapishi wengi alikuwa na tabia ya kunung'unika huku anakoroga. Alinung'unikia mvua, bei ya siagi, goti lake la kushoto na paka wa jirani. Manung'uniko yake hayakuwa ombi la kitu chochote. Yalikuwa mvuke wa sufuria tu, ukishatoka umetoka. Ludvík, katika miaka zaidi ya arobaini ya ndoa, hakuwahi kulielewa hilo. Mkewe akisema mlango wa jikoni umechakaa, kesho yake anaukuta umepakwa rangi ya kijani cha kutisha. Akisema mbuzi ana kelele, jioni mbuzi yuko kwa watu wengine. Yule mbuzi Blažena alimlilia wiki nzima.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa mcheri, mti wao wa cheri.

Mcheri wenyewe ulisimama nje ya dirisha la jikoni. Baba yake Blažena aliupanda mwaka ambao Blažena alizaliwa, na chini yake Ludvík alimbusu mkewe kila Mei mosi tangu walipooana. Kwetu hilo si jambo la mzaha. Mei mosi mwanamke lazima abusiwe chini ya mti uliochanua, na asipobusiwa anakauka mwaka mzima. Hakuna aliyewahi kumwona mwanamke aliyekauka, lakini pia hakuna mwanamume wa kijiji chetu cha Studená Lhotka aliyewahi kuthubutu kujaribu. Hata mwaka ule Ludvík alipokuwa hoi kwa homa, alitoka nje na blanketi mabegani, akambusu mkewe, akarudi kitandani kuendelea kuugua.

Ila mti huo huo ulitia giza jikoni. "Nakata vitunguu kama mtu aliyefungiwa shimoni," Blažena alikuwa akisema kila kiangazi. "Mti huu utanipofusha, mtaona." Alisema hivyo mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka alibusiwa chini yake na kuchuma cheri zake na kuzitia katika makopo. Mwezi wa tatu mwaka huu alikwenda mji wa Jihlava kumsaidia binti yao Ivona aliyekuwa amejifungua. Ludvík akabaki peke yake jikoni akimenya viazi. Akaukumbuka unung'unikaji wa mkewe. Akafikiri jinsi atakavyofurahi akirudi. Akaenda kuchukua msumeno.

Alikata mpaka karibu na mwisho. Mti ukalegea, ukainama taratibu, ukalala bustanini bila kuvunja kitu, ukabaki umeshikamana na kisiki chake kwa ukanda wa gome na mbao mpana kama kiganja. Ludvík alipoinama kuumalizia, mgongo ukamwambia basi. Alirudi ndani kwa kutambaa. Daktari akampiga marufuku kushika msumeno mpaka kiangazi, na mti ukakaa pale pale ulipoangukia, na matawi yake yote.

Blažena aliporudi alisimama dirishani hata koti hajavua. Alitazama nje kitambo kizima. Ludvík alikuwa nyuma yake, ameshika kiuno, anasubiri shukrani.

"Unaona mwanga ulivyoingia, mama?"

"Aha," akasema Blažena, akaenda kumenya viazi.

Hakuongeza neno. Wala hakununa. Alipika, alicheka na televisheni, alimkanda mumewe mgongo kwa dawa. Ila juu ya mti hakusema lolote, na hilo ndilo lililomtia Ludvík hofu. Mwanamke aliyenung'unikia mpaka paka wa watu, kwa jambo hili hana la kunung'unika? Kisha akagundua kwamba mkewe amekigeuza kiti chake cha pale mezani. Zamani alikunywa chai akitazama dirisha. Sasa alitazama jiko. Ludvík akaanza kuelewa, polepole kama kawaida yake, na alipomaliza kuelewa alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia maishani.

Mei mosi ikawa inakuja, na mti wa kumbusia mkewe hana. Angeweza kwenda chini ya mti wa jirani, lakini aibu hiyo hata kuifikiria hakutaka. Ndipo akakumbuka mji mkuu, Praha. Praha kuna kilima cha Petřín, na Petřín ni bustani juu ya bustani za micheri, na Mei mosi wapenzi wa nchi nzima huenda kubusiana pale. Kama nimemnyang'anya mti mmoja, akajiambia, nitampa kilima kizima. Tena tangu waoane hawakuwahi kwenda kutembea Praha wawili. Kila mwaka kulikuwa na maziwa, au watoto, au sungura wao wa kufuga.

"Praha?" akasema Blažena. "Na sungura watakula nini?"

"Jirani Kamil atawalisha."

"Hm," akasema. Halafu, baada ya kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi: "Nitakaanga nyama za njiani."

Ivona akawapangia kila kitu. Wangekwenda tarehe thelathini Aprili na kurudi tarehe pili Mei, wangelala katika hoteli ndogo ya upande wa kilima, na jioni ya Mei mosi wangepanda mashua ya matembezi kwenye mto Vltava na kula chakula humo humo. Ingekuwa heri Ludvík angeishia hapo. Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Siku moja kabla ya safari alikwenda kwa jirani yao Kamil, mkuu wa kikosi chetu cha zimamoto cha kujitolea, ambacho moto mkubwa kuliko yote ya mwaka huuwasha chenyewe. Ni ule wa usiku wa tarehe thelathini Aprili, kijiji kinapomchoma mchawi wa matambara ili baridi iage. Kamil alikuwa anatafuta kuni.

"Chukua ule mcheri wangu," Ludvík akamwambia kwa sauti ya chini. "Wote. Blažena akirudi asikute hata kijiti cha kumkumbusha."

"Blažena anajua?"

"Namsaidia," akasema Ludvík.

Nyama walizifungua treni ikiwa bado stesheni. Zilikuwa zimeviringishwa chenga za mkate na kukaangwa, zikabanwa katikati ya mikate pamoja na matango ya siki, na behewa zima likanukia nyumbani kwa mtu. Blažena alikuwa amefunga pia kandambili za ndani, jozi mbili, kwa sababu hawezi kukanyaga zulia la watu na viatu, hata kama zulia lenyewe ni la hoteli na limeshakanyagwa na dunia nzima. Alikaa dirishani. Kadiri milima ilivyokuwa ikibaki nyuma, alizidi kusema: alisema juu ya mashamba ya watu, juu ya nguo za watu, juu ya kondakta aliyefanana na mwalimu mmoja mlevi wa shuleni kwake. Ludvík alimsikiliza huku anatafuna, na roho yake ikatulia.

Praha walikuta watu kama siafu. Mbele ya ile saa ya kale ya mnarani umati ulikuwa umeinua simu juu, unangoja. Saa ilipotimia, visanamu vyake vikaamka: kiunzi cha mifupa kikavuta kamba, vidirisha vikafunguka, mitume wakapita mmoja mmoja, jogoo akatoa mlio wa mtu aliyekabwa, kwisha.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza Blažena.

"Ndiyo hiyo."

"Watu wametoka Japani kuja kuona hiyo?"

"Ina miaka mia sita, mama."

"Basi ndiyo maana imechoka."

Mwanamume mmoja aliyekuwa karibu nao aliangua kicheko, na Blažena, alipoona amepata msikilizaji, akanyoosha mgongo akaendelea. Kwenye kona ya uwanja walikuta kibanda kinachouza mkate mtamu uliosokotwa kwenye mti na kuviringishwa sukari, na juu yake pameandikwa kwa herufi za kizamani kwamba ndio mkate wa jadi wa Wacheki.

"Baba, wewe ushawahi kuula huu?"

"Maisha yangu yote, hapana."

"Mama yako je?"

"Hata bibi yangu hakuujua."

"Sasa hiyo jadi ni ya nani?" Akamgeukia kijana muuzaji. "Mwanangu, wewe unatoka wapi?"

"Ostrava, mama."

"Na mnaula huko Ostrava?"

Kijana akatazama kushoto na kulia. "Hatuuli, mama."

Blažena akanunua mmoja kwa ajili ya ukweli huo, akaula wote akitembea, sukari imemjaa puani. "Si wetu," akatoa hukumu, "lakini mtamu." Ludvík alitaka kumfuta pua, mkono ukawa tayari uko njiani. Akauzuia. Alimwona mkewe amependeza na sukari yake, akamwacha.

Walivuka daraja la kale taratibu, kwa goti la mmoja na mgongo wa mwingine, wakasimama kwa kila sanamu kana kwamba ni jamaa zao. Pale penye mtakatifu aliyetupwa mtoni, ambapo shaba imeng'aa kwa mikono ya waombaji, Blažena alingoja Waitaliano wamalize, akaweka kiganja chake, akafumba macho.

"Umeomba nini?" akauliza Ludvík.

"Goti."

Lakini alisema hivyo akitazama pembeni, na Ludvík alimjua mkewe vya kutosha kujua kwamba halikuwa goti. Tangu waliposhuka treni alikuwa ameona jambo jingine pia: kila walipopita chini ya mti, Blažena aliinua macho. Mara moja tu, haraka, kama mtu anayetazama kama mvua inakuja.

Jua lilipoanza kuzama walikuwa wamekaa ukingoni mwa mto na bia zao. Upande wa pili, mlimani, moshi ulikuwa unapanda, na watoto walipita wamebeba mchawi wa majani makavu aliyevishwa aproni. Blažena alikuwa amevua viatu chini ya meza. Alionekana ameridhika kama paka.

"Na kwetu wanachoma sasa hivi," akasema.

"Ndiyo."

"Kamil amepata kuni za kutosha mwaka huu?"

Bia ikamwingia Ludvík njia ya hewa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Sijui," akasema.

Aliutazama ule moshi, akaona kwa macho ya moyo Kamil na vijana wake na minyororo yao, wanauburura mti wa baba yake Blažena kupitia geti. Kwa mara ya kwanza lilimpitia wazo kwamba huenda, pengine, angemuuliza mwenyewe kwanza. Lakini sasa ilikuwa imechelewa. Lililobaki ni kesho. Kesho kilima kizima kitakuwa cheupe, atambusu mkewe chini ya mti ulio mzuri kuliko yote, na yote yatasahaulika.

Asubuhi ya Mei mosi alivaa shati lililopigwa pasi. Walipanda Petřín kwa miguu wakipumzika kila benchi, na njia ilijaa wawili wawili walioshikana mikono. Ludvík alikuwa mbele kidogo. Ndiye aliyeona kwanza. Alisimama katikati ya njia, mdomo wazi.

Micheri ilikuwepo. Ilikuwepo mingi, imejipanga mpaka juu kileleni, na yote ilikuwa ya kijani. Majani mapya, mazuri, yanang'aa. Ua, hata la dawa, hakuna.

Mama mmoja alikuwa anapita na mbwa mdogo. Ludvík alimwendea karibu kwa kukimbia. "Samahani, mama. Maua ya cheri yako wapi?"

"Cheri?" Mama yule alimtazama kwa huruma. "Ziliisha zamani, bwana. Kabla hata ya Pasaka kupoa. Kwani mmetoka wapi?"

"Milimani. Kwetu hata hayajafunguka."

"Aaa," akasema yule mama, ile aaa ya watu wa mji mkuu, akavutwa na mbwa wake akaenda.

Huo ndio uliokuwa ujinga wake, na ni ujinga wetu sote wa milimani. Tumezoea kwamba majira yanaanzia mlangoni kwetu. Ludvík alipiga hesabu ya kila kitu, treni, chumba, mashua, na hakukumbuka kwamba bondeni jua linakuja mapema. Aligeuka kumtazama mkewe. Blažena alikuwa ameshafika, na alikuwa ameshaona.

"Si neno," akasema. Lakini uso wake ulishuka, na Ludvík akauona ukishuka.

"Ngoja, mama. Lazima upo mmoja. Ngoja hapo."

Akaanza kukimbiakimbia kwenye nyasi kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Aliona kichaka cha maua ya zambarau, akamwita mkewe, naye akasema lile ni ua la uani, si la busu. Wengine walikuwa wanabusiana chini ya majani matupu na kucheka, hawana habari. Mwishowe, nyuma ya ukuta wa mawe mahali penye kivuli, akaupata: mti mmoja wa cheri uliochelewa, mwembamba, una maua kwenye matawi machache ya chini. Na mbele yake ilikuwepo foleni. Wawili wawili wamepangana mpaka kwenye ngazi. Wanaofika mbele wanabusiana, wanapigwa picha na wanaofuata, wanasogea.

"Mama! Huu hapa! Tupange mstari, haichukui muda!"

Blažena aliitazama ile foleni kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Ludvík," akasema, na alipomwita kwa jina badala ya baba, Ludvík akajua mambo si mazuri. "Enzi zile za uhaba nimepanga foleni ya ndizi. Nimepanga foleni ya karatasi ya chooni, na wewe ulikuwa shahidi. Foleni ya busu sipangi."

Wakakaa kwenye benchi. Chini yao ulikuwa mji wote, mapaa mekundu na minara na mto, umeoshwa na jua. Ni mji mzuri, na Blažena aliutazama wote.

"Ni kuzuri," akasema mwishowe. "Nakushukuru umenileta. Usifikiri sikushukuru."

Hapo ndipo Ludvík aliposhindwa. Angetukanwa, angevumilia. Shukrani hiyo ilimchoma.

"Mama, mti wako nimeuchoma."

"Umeukata."

"Na kuuchoma. Jana. Nilimpa Kamil kwa ajili ya mchawi. Nilitaka ukirudi usiukute umelala pale." Akaonyesha kidole upande wa milimani. "Sasa hivi ni majivu. Nilidhani nakusaidia."

Blažena hakuondoa macho mapaani. Kwenye benchi la pili wawili waliondoka, wengine wakaja.

"Kila siku nilikuwa nakwenda kuugusa," akasema. "Wewe ulipokuwa umelala mchana kwa sababu ya mgongo. Nikienda kuwapa sungura majani, nauzunguka, nauwekea mkono. Baba alikuwa akiuwekea mkono hivyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nilinung'unika mwenyewe miaka yote hiyo. Ungeniambia, si ulitaka mwanga?" Akafuta jicho kwa kisigino cha mkono. "Wewe kila ninachosema unakishika na koleo. Nikasema safari hii ninyamaze, nisije nikatamka tena ukakata na nyumba."

Ludvík alitaka kucheka na kulia pamoja, na hakufanya lolote kati ya hayo, maana simu ikalia mfukoni. Alikuwa Kamil. Kamil huzungumza na simu kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, kwa hiyo Blažena alisikia kila neno, na nadhani na benchi la pili lilisikia.

"Ludvík! Heri ya Mei mosi! Sikia, usinitukane!"

"Nini tena?"

"Mti wako hatukuuchoma! Jana tumefika na trekta na minyororo, vijana wote, mke wangu akaja akasimama mbele ya trekta. Mti umejaa vitumba vya maua, ndugu yangu! Akasema atakayeutia motoni mti unaotaka kuchanua, watajuana naye. Unamjua mke wangu. Tumechoma matairi ya... tumechoma mbao za zamani. Leo jua limewaka tangu asubuhi, mti wote umefunguka! Umelala chini, umechanua, kama bibi harusi aliyelewa! Sasa nauliza, niuchukue lini? Kesho asubuhi?"

Blažena aliichukua simu mkononi mwa mumewe. "Kamil. Ukiligusa hata ua moja, nitakuja kukukata wewe."

"Blažena! Heri ya Mei mosi," Kamil akasema kwa adabu kubwa.

Ludvík alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameshauchukua mkoba wa mkewe, ameshaanza kushuka, kichwani anapanga: hotelini kufunga mizigo, treni ya mchana, wanafika kabla jua halijazama, yote yanawezekana. Alishuka hatua kadhaa. Kisha akasimama. Akarudi juu, mgongo unamuuma, akauweka mkoba benchini alipoutoa.

"Blažena. Unataka nini?"

"Umesemaje?"

"Nakuuliza. Chumba tunacho mpaka kesho. Mashua ni leo jioni, na najua unaitaka, umeisema tangu kwenye treni. Au turudi nyumbani sasa hivi, kwenye mti. Unataka lipi?"

"Tangu lini wewe unauliza?"

"Tangu leo."

Blažena alimkazia macho kama anayetafuta wapi pamefichwa mzaha. "Nataka yote mawili," akasema.

"Haiwezekani, mama."

"Najua haiwezekani. Niache ninung'unike kidogo kwanza."

Akanung'unika. Alisema nguo yake ya mashua kaipiga pasi bure, alisema samaki wa kwenye mashua lazima ni mkavu, alisema mtu anakaa karibu miaka sabini hajaenda Praha kutembea, akienda anarudishwa na mti. Ludvík alisikiliza mpaka mwisho na hakwenda kutengeneza chochote. Alipomaliza, Blažena alisimama, akajinyoosha sketi.

"Twende," akasema. "Ukichelewa treni nakutupa."

Tikiti za mashua waliwapa wawili waliokuwa mwisho kabisa wa foleni ya busu, binti mwenye nywele za bluu na mvulana wake. Yule binti alimkumbatia Blažena, naye akamwambia asile samaki.

Kamil aliwapokea stesheni na gari lake. Hakusema neno njia nzima, jambo ambalo kwake ni kazi ngumu, akawashusha getini na kuondoka. Jua lilikuwa bado juu ya msitu. Wakazunguka nyumba, Ludvík nyuma safari hii.

Mcheri ulikuwa umelala bustanini kama ulivyoanguka, na ulikuwa mweupe wote. Kupitia ule ukanda wa gome ulikuwa umeendelea kunyonya, kimya kimya, tangu mwezi wa tatu, na kila tawi, hata yale yaliyobanwa na udongo, lilikuwa limevaa maua. Nyuki walikuwa wamejaa. Blažena alisimama akaweka mikono kinywani, na machozi yakamtoka, hakuyaficha.

"Sasa chini yake tunaingiaje?" akauliza baadaye.

Maana mti uliolala hauna chini. Walizunguka wakitafuta, mpaka Ludvík akaona mahali ambapo tawi kubwa lilikuwa limepinda na kuacha upenyo kama mlango wa banda. Wakapiga magoti. Wakatambaa. Mume aliugulia mgongo, mke aliugulia goti, sungura wakasimama kwa miguu ya nyuma kuwatazama.

"Sogea, unanilalia nywele."

"Kuna kijiti kinanichoma."

"Ulikiacha mwenyewe, vumilia."

Wakalala chali juu ya nyasi zenye ubaridi, na juu yao palikuwa peupe tupu. Ludvík akajiinua kwa kiwiko, akambusu mkewe. Hakumbusu haraka. Maua yakawadondokea usoni, moja likamwingia Blažena sikioni, akacheka kama msichana wa maandamano ya Mei mosi, siku zile za ujana Ludvík alipomtorosha kumpeleka nyuma ya uzio wa watu. Ludvík alisikia furaha mpaka ikamuuma kifuani.

Walikaa hivyo. Kuinuka kusingekuwa rahisi, na wote wawili walilijua hilo.

"Mwakani hautachanua tena," akasema Blažena.

"Hautachanua."

Ule ugonjwa wa Ludvík wa kusaidia ukamwasha. Alikuwa ameshaona mche katika duka la Jihlava, alikuwa ameshajua ni wapi atachimba shimo, pale pale mbele ya dirisha. Angeweza kwenda keshokutwa na kumshangaza. Akauma midomo.

"Unataka tupande nini?" akauliza. "Na wapi?"

Blažena alifikiri. Alitoa ua sikioni, akalitazama, akaliweka juu ya shati la mumewe.

"Mcheri mwingine," akasema. "Lakini tuupande kule nyuma ya banda la sungura."

"Si dirishani?"

"Dirishani hapana." Akalinyoosha lile ua shatini. "Siku hizi naviona vitunguu ninavyovikata."